Mikanda ya Televisheni na Viwanja vya Sikukuu ni Mali ya Umma

Kila unapomalizika mfungo wa Ramadhani, na kila inapowadia tarehe 12 Januari, mazungumzo ya mabarazani katika visiwa vyetu huelekea upande mmoja. Wakubwa huwahadithia wadogo jinsi sikukuu zilivyokuwa zikisherehekewa zamani, namna umma ulivyofurika viwanjani, na namna mtaa mzima ulivyokuwa ukikusanyika mbele ya televisheni moja. Vijana husikiliza, wengine hucheka, na wengine huuliza: yako wapi hayo nasi tuyaone? Suali hilo ni la haki, na wakati umefika wa kulijibu kwa vitendo.

Televisheni Zanzibar ilianza kazi mwaka 1973, mwaka mmoja baada ya kuuawa Mzee Abeid Amani Karume, na chini ya uongozi wa Mzee Aboud Jumbe. Ilikuwa televisheni ya mwanzo ya rangi katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Jangwa la Sahara. Afrika ya Kusini, pamoja na utajiri wake wote, ilianza matangazo ya televisheni ya taifa mwaka 1976. Ndugu zetu wa Tanzania Bara walisubiri hadi mwaka 1994 ndipo walipopata vituo vyao wenyewe. Kabla ya hapo, baadhi ya wakaazi wa Dar es Salaam walisimamisha antena ndefu juu ya mapaa na kuzielekeza baharini, ili wazidake picha zinazotoka Unguja.

Inafaa tukumbuke pia fedha zilitoka wapi. Zama hizo karafuu ndiyo iliyokuwa mhimili wa fedha za kigeni za Zanzibar. Mtu aliyepanda juu ya mkarafuu huko Pemba, akaangua, akachambua na kuanika, alichangia mtambo ule kama alivyochangia shule, hospitali na barabara. Kwa hiyo tunaposema kuwa televisheni ile ilikuwa mali ya umma, hatupambi maneno. Wakwezi na wakulima wana haki ndani yake, na haki hiyo haikufa pale mashine za mwanzo zilipochakaa.

Sisi tulio katika umri wa makamo, tuliokuwa watoto katika miaka ya 1980, tunaikumbuka ladha yake. Nyumba zenye televisheni zilikuwa zikihesabika kwa vidole, lakini watazamaji hawakuwa na idadi. Jioni, baada ya chuo na baada ya sala ya Magharibi, viatu hurundikana mlangoni kwa jirani, watoto hukaa chini kwenye mkeka, wazee hupewa viti, na waliokosa nafasi ndani husimama dirishani. Picha ikiingia chenga, kijana mmoja hutoka nje kuizungusha nguzo ya antena huku walio ndani wakimpigia kelele: rudi kidogo, hapo hapo, usiiguse tena! Palikuwa na habari, taarabu, michezo ya kuigiza na mawaidha ya dini. Mwenye nyumba hakumtoza mtu hata senti moja, na aliyefunga dirisha lake wakati wa taarabu alisemwa mtaa mzima.

Sikukuu nazo zilikuwa na mwendo huo huo. Siku nne za Idi zilikuwa siku nne kweli. Asubuhi ni sala, kisha kuzuru wazee na kupokea mkono wa Idi. Ikishapita Alasiri, watoto waliovaa nguo mpya hushika njia ya Mnazi Mmoja, na kule Chake Chake hushika njia ya Tibirinzi. Huko kulikuwa na pembea, filimbi, puto, malai, ubuyu, urojo na mishikaki. Msongamano ulikuwa mkubwa hata mtoto akiuachia mkono wa dada yake hupotea papo hapo, na hutangazwa kwa kipaza sauti mpaka wenyewe waje wamchukue. Waliotutangulia wanazikumbuka pia sinema za Majestic, Empire na Cine Afrique zilivyokuwa zikifurika siku za Idi, familia nzima nzima zikipanga foleni kuangalia filamu za Kihindi. Na ilipofika sherehe ya Mapinduzi, uwanja wa Amaan, uliofunguliwa mwaka 1970, ulijaa tangu asubuhi kwa gwaride na halaiki, na aliyekosa nafasi uwanjani aliifuata sherehe kwenye televisheni ya jirani.

Mambo haya mawili, kioo kile na viwanja vile, yalikuwa na asili moja. Yote mawili yalikuwa mahali pa watu wote, na yote mawili yalitufundisha kukaa na wenzetu: kumpisha mzee, kumbeba mtoto asiye wako, kucheka pamoja na mtu ambaye jana mlikhitilafiana. Mtoto wa waziri na mtoto wa mchukuzi walisubiri zamu ya pembea katika mstari mmoja. Umoja unaohubiriwa majukwaani, watoto wa zama zile waliufanyia mazoezi kwa miguu yao.

Hatusemi kwamba zama zile zilikuwa pepo. Tunazikumbuka foleni za sukari, mchele na sabuni. Tunakumbuka pia kwamba kituo kilikuwa kimoja, na kwamba asiyependezwa na kilichoonyeshwa hakuwa na pengine pa kugeukia. Milango ya biashara ilipofunguliwa kuanzia mwaka 1984, wakati wa uongozi wa Mzee Ali Hassan Mwinyi hapa Zanzibar, bidhaa ziliingia kwa wingi na televisheni zikaingia katika nyumba nyingi. Hiyo ilikuwa kheri, na hakuna anayetamani kurudi kuchungulia dirishani. Hii leo kuna ving'amuzi, kuna simu za mkononi, na kila mtu ana kioo chake mfukoni. Ila penye kheri nyingi hapakosi kilichopungua: katika nyumba moja, watu watano wanaweza kukaa chumba kimoja, kila mmoja akiangalia lake, na sikukuu ikapita bila ya jirani kubisha hodi.

Hapo ndipo rai yetu inapoanzia. Kumbukumbu za mabarazani ni tamu, lakini mzee akifariki huondoka nazo. Kilichobaki cha kuonyesha ni mikanda: taarabu zilizorekodiwa, michezo ya kuigiza, hotuba, sherehe, nyuso za watu waliojaa viwanjani. Mikanda ya sumaku haidumu milele. Joto, unyevunyevu na ukungu huiharibu, na hewa ya visiwa vyetu ina vyote hivyo kwa wingi. Mashine za kuisomea mikanda ya aina za zamani haziundwi tena viwandani, na mafundi wanaozijua wanazidi kuzeeka. Wala tusidhani ni maskini tu wanaopoteza. BBC ya Uingereza, katika miaka ya 1960 na 1970, ilifuta vipindi vingi ili irekodi vingine juu yake, na hadi leo inawaomba watu watazame makabatini mwao kama wanazo nakala.

Sisi wenyewe tunao msiba wa kutuzindua. Beit el-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, lilisimama mbele ya macho yetu kwa zaidi ya miaka 130, nyufa zake tukiziona. Tarehe 25 Disemba, 2020, sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba linapoanguka hutoa mshindo, na dunia nzima husikia. Mkanda unapooza kabatini hautoi sauti yoyote. Wahenga walisema asiyeziba ufa atajenga ukuta. Lakini mkanda uliokwisha kuoza hauna ukuta wa kujenga upya.

Tunapendekeza mambo matatu. La kwanza, Shirika la Utangazaji Zanzibar, ambalo liliziunganisha redio na televisheni za Serikali mwaka 2013, lishirikiane na Nyaraka za Taifa zilizopo Kilimani kuhesabu mikanda yote ya zamani, mmoja mmoja: una nini, ni wa mwaka gani, na uko katika hali gani. Hesabu hiyo iwekwe wazi kwa wananchi. Kila unaowezekana kuokolewa unakiliwe kwa mitambo ya kisasa, nakala moja iwekwe Unguja na nyengine Pemba. Waitwe mafundi na watangazaji waliostaafu, walipwe haki yao, waeleze nani ni nani katika picha hizo, maana picha isiyo na jina ni nusu ya kumbukumbu. Wananchi wenye mikanda majumbani nao waombwe waiazime ili inakiliwe, kisha warejeshewe.

La pili, viwanja vya sikukuu vilindwe. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu Zanzibar watu wasiofika 500,000; sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773. Watu wameongezeka karibu mara nne, ilhali ardhi haikuongezeka hata shubiri moja. Kila kiwanja kinachomegwa leo kwa duka au maegesho ya gari ni pembea inayoondolewa kwa mtoto wa kesho. Masheha na Mabaraza ya Miji wanapaswa kujua mipaka ya viwanja vyao, viwe na hati, na kisipunguzwe kiwanja chochote bila ya wananchi wa eneo hilo kuulizwa kwanza.

La tatu linayaunganisha yote mawili, na halihitaji fedha nyingi. Katika usiku wa sikukuu, kwenye kila wilaya, kisimamishwe kioo kikubwa uwanjani na picha zile za zamani zionyeshwe bure. Bibi atamwona marehemu mumewe katika gwaride. Kijana atamsikia Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, akiwa bado na nguvu zake. Mtoto atauona mtaa wake kabla haujajengwa ghorofa. Tena wote watakuwa wamekaa pamoja, kama walivyokaa wazee wao.

Watakuwapo watakaosema kuwa nchi ina mahitaji makubwa zaidi: maji, dawa, ajira. Hatubishani nao. Lakini Serikali iliyoleta televisheni mwaka 1973 nayo ilikuwa na mahitaji ya maji, dawa na ajira, na pengine makubwa kuliko haya. Iliona kuwa watu waliokombolewa wana haki ya elimu na ya furaha pia, na ikatumia fedha za karafuu kuwapa vyote viwili. Kizazi kile kilijenga. Sisi tunaombwa jambo jepesi zaidi, nalo ni kutunza.

Tunawasihi viongozi wa Chama na Serikali walizingatie hili sasa, wakati mikanda ingalipo na mafundi wangali hai. Na tunawasihi wananchi wenzetu, sikukuu ijayo ikituwadia kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu, tuziweke simu kando, tuwashike watoto mikono, twende nao uwanjani.