Kasha la Jua Lililovunjika



Juma lililopita niliwasimulia wanafunzi wangu habari za kasha lililopelekwa mbali angani kukamata upepo wa jua, likarudi duniani na kuanguka kwa kishindo. Nilipomaliza, kijana mmoja ambaye baba yake ni fundi wa makamioni hapa Mokambo aliinua mkono, akauliza: "Bwana Mwalimu, yule fundi aliyekosea alifukuzwa kazi?" Darasa zima likanyamaza likingoja jibu. Nami naona swali hilo lastahili kujibiwa mbele ya watu wengi zaidi.

Kwanza habari yenyewe. Chombo hicho kiliitwa Genesis, nacho kilirushwa na shirika la anga la Marekani, yaani NASA, tarehe 8 Agosti 2001. Jua halitoi nuru na joto tu. Mchana na usiku hutoa pia chembe ndogo mno ziendazo mbio mamia ya kilomita kwa kila sekunde. Huo ndio upepo wa jua. Wataalamu, wakiongozwa na Profesa Donald Burnett wa chuo cha Caltech, walitaka kuutia upepo huo maabarani.

Kwa nini? Sisi tukaao mpakani na Zambia hatuhitaji maelezo marefu. Twaona makamioni ya shaba yakipita kwenda ng'ambo, na kila aliyefanya kazi ya madini ajua kwamba mnunuzi hapimi shehena yote. Hutwaa konzi moja, huipeleka kwa wapimaji, na kwa konzi hiyo huitambua shehena nzima. Basi dunia yetu na sayari nyingine zilitokana na wingu lile lile la gesi na vumbi lililolizaa jua, na zaidi ya sehemu 99 katika 100 za vitu vyote vilivyokuwamo zimekaa ndani ya jua hata leo. Atakaye kujua wingu lile lilikuwa la namna gani, na atwae konzi yake huko.

Chombo kilikwenda kilomita 1,500,000 kutoka duniani, upande wa jua, kikafunua vibao vyake karibu 300, vingi vyenye pembe sita kama vyumba vya sega la asali. Vingine vilikuwa vya silikoni, vingine vya yakuti, vya dhahabu, hata vya almasi. Vilikaa wazi tangu Desemba 2001 hata Aprili 2004, chembe za jua zikijipiga humo na kunasa. Mavuno yote ya zaidi ya siku 800 hayakutimia miligramu moja: ni kama punje chache za chumvi.

Vibao hivyo vilikuwa vyepesi kuvunjika, kwa hiyo iliamriwa kwamba kasha lisiguse ardhi kabisa. Lingefungua miavuli ya kushukia, na marubani wa helikopta wangeudaka mwavuli kwa kulabu lingali hewani. Baadhi ya marubani hao walikuwa wazoefu wa michezo ya hatari katika picha za sinema! Walijizoeza sana. Tarehe 8 Septemba 2004 kasha likatokea juu ya jangwa la Utah likipinduka-pinduka kama sahani iliyotupwa. Mwavuli wa kwanza haukufunguka, wala wa pili. Liliipiga ardhi kwa mwendo wa kilomita 311 kwa saa, likazama nusu yake katika udongo, na helikopta zikabaki zikizunguka bila kazi.

Msomaji asiseme kwamba hayo ni mambo ya mbali. Katika Katanga yetu, siku zile ilipoitwa Shaba, kampuni moja ya Wajerumani iliyoitwa OTRAG ilikuwa ikijaribu roketi zake kwenye nyanda za juu karibu na mto Luvua. Ya kwanza ilipaa vema mwaka 1977. Lakini tarehe 5 Juni 1978, Rais Mobutu mwenyewe akitazama, roketi ya tatu ilipanda kidogo, ikapinda njia, ikaanguka. Mwaka uliofuata kampuni ikaondoshwa, zaidi kwa ajili ya siasa kuliko kwa ajili ya anguko lile.

Sasa nalirudia swali la kijana wetu. Ndani ya kasha la Genesis mlikuwamo swichi ndogo sana, zisizozidi kifutio cha mwisho wa penseli. Kasha linapoingia katika hewa ya dunia na mwendo wake kupungua ghafla, kidude kilichomo ndani ya swichi husukumwa na kuikandamiza springi. Hapo umeme hupita na saa ya kufungulia miavuli huanza kuhesabu. Swichi zile zilikuwa zimewekwa kinyume. Kidude kilisukumwa upande usio na springi, na saa haikuanza kamwe.

Lakini fundi hakukosea. Alizifunga sawasawa na mchoro aliopewa, na mchoro ndio uliokuwa kinyume. Wakaguzi waliochunguza ajali walieleza jinsi ilivyotokea. Mtambo wa Genesis ulifuata ule wa chombo kilichotangulia, Stardust, lakini sanduku la umeme lilichorwa upya, na mahali pa swichi pakageuka. Ilikusudiwa kuzijaribu kwa kuzizungusha katika mashine, ili ionekane kama zaelekea panapotakiwa. Jaribio hilo likaachwa. Wakatosheka kuulinganisha mchoro mpya na ule wa zamani. Mikutano ya ukaguzi ikapita mmoja baada ya mwingine bila mtu kuliona kosa. Kazi ya zamani ilikuwa njema, basi na hii itakuwa njema: hivyo ndivyo walivyofikiri.

Nisiwacheke. Mwaka mmoja nilisahihisha mtihani wa hesabu kwa karatasi ya majibu ya mwaka uliotangulia, kumbe tarakimu moja katika swali ilikuwa imebadilishwa. Niliwakosesha watoto watano waliopata, na mmoja wao alipigwa nyumbani kabla sijagundua.

Saa ya mapumziko kijana yule alinifuata akaniambia siri ya swali lake. Baba yake alikuwa amekatwa mshahara kwa ajili ya breki za kamioni, naye alizifunga kama alivyoandikiwa kwenye karatasi. Nilimwambia aiulizie karatasi hiyo iko wapi.

Wala kosa la namna hii halikwisha kwa Genesis. Tarehe 24 Septemba 2023 kasha jingine, la OSIRIS-REx, lilishuka katika jangwa lile lile likileta vumbi la kimondo kikubwa kiitwacho Bennu. Mwavuli mdogo uliopaswa kutangulia ulipewa amri ya kukatwa kabla haujafunguka. Sababu ilikuwa neno moja. Upande mmoja wa mchoro neno "kuu" lilimaanisha mwavuli mkuu. Upande wa pili neno lile lile lilimaanisha baruti ya kuutoa mwavuli mdogo. Mafundi wakaunga "kuu" na "kuu", kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Kwa bahati mwavuli mkuu ulifunguka wenyewe, ukastahimili, na gramu 121.6 zikafika salama.

Na mavuno ya Genesis? Hapa nastaajabu. Chembe za jua hazikukaa juu ya vibao kama vumbi juu ya meza; zilikuwa zimejichimbia chini kidogo ya uso wake. Kibao kikivunjika, chembe zimo. Matope yakikipaka, huoshwa. Watu walipiga magoti wakaokota vipande kwa vibanio, zaidi ya 10,000, vikapelekwa Houston. Tena waliotengeneza vibao walikuwa wamelipa kila fungu unene wake mbalimbali na mwingine, hata kipande kilichopotea kwao kiliweza kutambulikana kwa kupimwa.

Mwaka 2011 matokeo makubwa yakatangazwa. Oksijeni ina namna tatu, mwenendo mmoja lakini uzito mbalimbali. Kevin McKeegan na wenzake walionyesha kwamba dunia ina oksijeni nzito zaidi kuliko jua, karibu sehemu 6 au 7 katika 100. Bernard Marty wa Nancy, Ufaransa, akaonyesha kwamba nitrojeni nzito ya jua imepungukiwa na ile ya hewa yetu kwa sehemu 40 katika 100. Konzi ya mlima haikulingana na udongo tunaoukanyaga! Jambo fulani lilibadilisha mchanganyiko kabla dunia haijaumbika, na wataalamu wangali wakishindana juu yake.

Vipande vile vingali Houston. Huoshwa kwa maji safi mno, kila kimoja kina namba yake, na mtaalamu anayehitaji huandika barua ya kuomba.