Q Isiyo na U

Juma hili tushike herufi moja tu, nayo ni Q. Katika alfabeti ya Kiswahili haimo. Kwa Kiingereza imo, na mtoto akianza kujifunza huambiwa kwamba Q haitembei peke yake; sharti U iifuate. Ndiyo maana twaandika "queen", yaani malkia. "Quick", yaani upesi. "Question", yaani swali. "Quiet", yaani kimya. Mtoto wa mahali pengine akiisha kuyashika hayo, basi, amemaliza.

Lakini mtoto wa Mbulu au wa Hanang hawezi kumaliza hapo. Atatazama jina la baba yake, Qamara au Qorro, na U haimo. Huko Hanang iko kata iitwayo Masqaroda. Jirani, wilayani Babati, zipo Qash na Qameyu. Na Wairaqw wenyewe, ambao wengi huwaita Wambulu, wamalizia jina lao kwa Q na W. Je, wote hawa wamekosea? Nimesikia ya kuwa wako watoto waliochorewa mstari mwekundu kwa kuandika jina lao sawasawa.

Yafaa tujue kanuni hiyo imetoka wapi. Imetoka katika Kilatini. Wazee waliosali Misa kwa lugha ile wakumbuka "requiem", Misa ya wafu, na "aqua", yaani maji: kila penye Q, U iko nyuma. Waingereza wa kale hawakuandika hivyo. Malkia walimwandika "cwen", kwa C na W. Mwaka 1066 Wanormani wakatoka Ufaransa wakaishinda Uingereza, na baada yao waandishi wakazoea kuandika QU. Kwa hiyo kanuni yenyewe ni mgeni aliyekaa muda mrefu hata akadhaniwa ni mwenyeji.

Sasa haya ndiyo maneno ya Kiingereza yenye Q isiyofuatwa na U. Si mengi, na karibu yote yametoka kwa mataifa mengine. Mengine utayatambua mara moja: "qadi" ni kadhi, "qibla" ni kibla, "talaq" ni talaka, "waqf" ni wakfu, "niqab" ni nikabu, "tariqa" ni tarika. Waingereza waliyapokea kutoka Kiarabu wakaiacha Q mahali pake. Sisi Waswahili tuliyapokea yale yale tukaweka K. Tena tulifanya hivyo kwa maneno mengi kuliko tunavyodhani: kalamu, dakika, wakati, sanduku, rafiki, kaburi, hata kabila. Yote hayo kwa Kiarabu yana sauti ya Q, nasi twayasema kila siku bila kujua.

"Qat" ni miraa. "Qi" limetoka China, maana yake pumzi au nguvu ya uhai. "Qintar" ni senti ya nchi ya Albania. Mia zafanya lek moja. "Qanat" litawapendeza wakulima: ni mfereji uliochimbwa chini ya ardhi, kutoka penye maji chini ya mlima mpaka mashambani, ili jua lisiyanyonye maji njiani. Watu wa Iran wametumia mifereji ya namna hiyo tangu zamani sana, na mingine yafanya kazi hata leo.

Liko na neno lisilo na taifa, nalo ni "qwerty". Tazama simu yako ikiwa imewekwa Kiingereza: herufi sita za kwanza za mstari wa juu ndizo neno lenyewe. Mpango huo ulitoka kwenye mashine za kupiga chapa za Remington, zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 1874.

Na katika mambo ya Biblia je? Kitabu cha Mhubiri kwa Kiebrania huitwa Qoheleth, na Waingereza huliandika hivyo hivyo. Mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, ndimo yalimopatikana maandiko ya kale kuanzia miaka ya 1940. Zaburi ya 119, ambayo kwa hesabu ya Kilatini ni ya 118, imepangwa kwa herufi za Kiebrania, na aya za 145 hadi 152 ni za herufi iitwayo Qoph. Hiyo Qoph na Q ya Kilatini ni za ukoo mmoja.

Turudi Mbulu. Kiiraqw kina K na kina Q, na hizo ni sauti mbili. Q hutamkwa nyuma zaidi, kule kooni karibu na kimeo. "Qaymo" ni shamba. Ukisema kwa K, mwenyeji atajua kwamba wewe ni mgeni. Mwaka 2002 ilitolewa huko Ujerumani kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza, kazi ya Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kiessling. Bibi Qorro amefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na jina lake limechapwa juu ya kitabu kwa Q isiyo na U.

Wako wanaosema kwamba Wairaqw walitoka Iraki kwa sababu majina yafanana. Mimi sikubali. Wataalamu wa lugha wamekiweka Kiiraqw katika jamii ya Kikushi, ambayo ndugu zake wengi wako Ethiopia na Somalia.

Wazazi, hapa pana shida yenyewe. Mtoto amebatizwa Qamara, cheti cha shule kimeandikwa Kamara, na cheti cha kuzaliwa Quamara kwa sababu karani aliikumbuka ile kanuni. Akifika chuoni au penye kazi ataambiwa hao ni watu watatu, naye atatafuta hati ya kiapo kwa gharama na safari. Basi siku ya kumwandikisha usitaje jina kwa mdomo tu. Liandike kwenye karatasi kwa herufi kubwa, mpe karani, kisha usome alichoandika kabla hujatoka mlangoni.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaishika X.