Kichefuchefu cha Safarini na Sukari ya Mwilini

Wengi wetu huku bondeni tulijifunza kutapika safarini kwenye zile kona za kupanda Ufipa, kabla hatujapanda meli. Lakini kisa cha mwezi huu ni cha ziwani.

Miaka iliyopita tulisafiri akina mama wa kanisa kutoka Kasanga kwenda Kigoma kwa MV Liemba, ile meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa mwaka 1916 na kurudi kazini mwaka 1927. Upepo wa kusi ulikuwa mkali, na usiku kucha ndoo zilipita mkono kwa mkono. Mmoja wetu ni mgonjwa wa kisukari. Asubuhi alijidunga insulini kama kawaida, akanywa uji, na haikupita nusu saa wote ukarudi. Akajilaza. Tukasema, "Mwacheni, ni mawimbi." Hata mimi muuguzi nilisema hivyo, na mpaka leo naona haya.

Mchana akaanza kutetemeka, jasho la baridi likamtiririka, akaniita kwa jina la marehemu mama yake. Dada mmoja akaanza kukemea mapepo. Nikamwambia, "Endelea kuomba, dada, lakini kwanza nipe sukari." Mgonjwa alikuwa bado anaweza kumeza, tukampa maji yenye sukari nyingi, kidogo kidogo. Baada ya kama robo saa akauliza tumefika wapi.

Kulitokea nini? Chombo kinapoyumba, sikio la ndani huuambia ubongo kwamba mwili unakwenda, huku macho yanaona ukuta wa chumba umetulia. Ubongo huchanganyikiwa, nalo tumbo hupunguza kusukuma chakula kwenda kwenye utumbo. Ndiyo maana dawa ya kuzuia kutapika humezwa kabla ya safari. Ukingoja mpaka moyo uchafuke, itabaki tumboni kisha uitapike.

Mtu hupauka, hutoka jasho la baridi, hulegea. Sasa angalieni: hizo hizo ni dalili za sukari kupungua kwenye damu! Mtu mzima mwenye afya ana akiba ya sukari kwenye ini, humtosha siku moja hivi, kisha mwili hutegemea zaidi mafuta. Bali kwa aliyejidunga insulini, dawa huendelea kushusha sukari hata kama chakula kimeishia kwenye ndoo, tena hulizuia ini kutoa akiba yake.

Kwa hiyo mwenye kisukari apite kliniki kabla ya safari, aulize afanyeje na dozi yake akitapika. Asiache insulini kwa uamuzi wake mwenyewe, maana hilo nalo ni hatari. Aliyepoteza fahamu msimnyweshe kitu. Mlazeni ubavu, mumfikishe kwa daktari upesi.

Na watoto? Walio chini ya miaka miwili ni nadra kusumbuliwa na mwendo wa chombo. Kichanga akitapika njiani, mama, usilaumu kona. Mguse paji la uso, fikiria malaria, mnyonyeshe, umpeleke zahanati.

Mwenzetu yule bado anasafiri. Sukari huifunga kwenye pindo la khanga, na kabla gari halijaondoka humwambia jirani wa kiti, "Nikianza kusema ovyo, nipe hii."