Ukiruka Ukurasa, Umeruka Ushahidi

Hakimu akitoka mahakamani wakati shahidi wa tatu anaanza kusema, kisha akarudi siku ya mwisho na kusoma hukumu, sote tutasema amedhulumu. Dhuluma ya namna hiyo hutendwa kila siku na watu wenye vitabu mikononi, na hakuna anayelalamika. Msomaji huanza vizuri. Akifika ukurasa wa kumi huchoshwa na maelezo ya kijiji, akaruka hadi penye mazungumzo. Hukuta hotuba ndefu, akairuka nayo. Mwisho huchungulia kurasa za mwisho apate kujua nani kafa na nani kaoa, akafunga kitabu na kutangaza barazani kwamba amekisoma na wala si kizuri. Neno langu kwa msomaji huyu ni moja: anayeruka kurasa hujifanya anajua kisicho na maana kabla hajakiona, na kwa hiyo hukumu yake juu ya kitabu haina haki.

Tuchukue kitabu ambacho wengi wetu tumekishika shuleni, Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichochapishwa mwaka 1951. Kisa chake ni chepesi kusimulia. Karama anashtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya sheria. Waziri Majivuno ndiye mshtaki, na Karama anajitetea mbele ya mfalme. Utetezi wake ni habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa ya kuifaa nchi yao, wakalipwa kifungo. Msomaji mwenye haraka akifika kwa mjumbe wa tatu husema, “Aa, ni yale yale,” akafunua hadi kwenye hukumu. Hapo ndipo anapopotea. Mjumbe mmoja akifungwa bila haki, twaweza kusema watawala waliteleza. Akifungwa wa pili, twaweza kulaumu bahati mbaya. Wakitimia sita, hapana tena mtelezo wala bahati. Hiyo ndiyo desturi ya utawala ule. Marudio hayo hayakuwekwa ili kujaza kurasa, bali ndiyo ushahidi wenyewe. Aliyewaruka wajumbe wanne hubaki na hadithi ya mtu aliyeshtakiwa akashinda, asijue ameshinda kwa hoja gani.

Kuruka hakupunguzi maana tu, huweza hata kuipindua. Katika Sura ya Al-Maun, aya ya nne inawaonya vikali wanaosali. Atakayeishia hapo ataondoka akidhani kusali ni kosa, kwa kuwa aya ya tano ndiyo inayobainisha kwamba wanaoonywa ni wale wanaoghafilika na sala zao. Vitabu vya hadithi navyo hupata msiba huo. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, iliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania. Anayeifungua akitafuta kurasa za aibu atazipata, na atasema mwandishi ameupamba uasherati. Lakini kabla ya kurasa hizo Kezilahabi ametuonyesha baba mlevi, Zakaria, anayemlea binti yake kwa kipigo na kumfungia njia ya kuzoeana na wavulana. Asiyepitia malezi hayo huliona anguko la msichana asiuone mkono uliomsukuma.

Tena lugha yetu yenyewe haimvumilii msomaji wa juu juu, maana Kiswahili hubeba mambo mazito katika silabi nyepesi. Kati ya “alipiga” na “alipigwa” pana herufi moja, na herufi hiyo ndiyo inayomtenga mkosaji na mwonewa. Mkataba wa mkopo unaoeleza yatakayotokea mkopaji “akilipa” na yatakayotokea “asipolipa” ni wa kusoma kwa kidole. Wapo watakaonijibu kwamba hata macho huruka: tangu karne ya 19, enzi za daktari wa macho Mfaransa Émile Javal, imefahamika kwamba jicho halitiririki juu ya mstari kama maji, bali huruka, likatua, likaruka tena. Ni kweli. Lakini jicho huruka kidogo ili akili iipate sentensi nzima. Arukaye kurasa huinyima akili sentensi zote. Mruko wa kwanza ni kazi ya kusoma, wa pili ni kuikimbia kazi hiyo.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka kwa mwandishi wa Ufaransa, Daniel Pennac. Katika kitabu chake Comme un roman cha mwaka 1992 aliorodhesha haki kumi za msomaji, na ya pili ni haki ya kuruka kurasa. Alikuwa mwalimu, akawaona vijana wanaokiogopa kitabu kama adhabu, akataka kuwaondolea hofu. Nia hiyo naiheshimu, wala sisemi msomaji achapwe kwa kuruka. Ila haki ya kuruka haizai haki ya kuhukumu. Haki ya tatu katika orodha hiyo hiyo, ya kutomaliza kitabu, naiona ya kiungwana zaidi: anayekiweka kitabu chini akasema “kimenishinda” amesema kweli, na anayekiruka akasema “nimekisoma” amejidanganya kwanza yeye mwenyewe. Mwanafunzi anayesoma mwongozo akaiacha riwaya yumo katika kundi hili la pili. Mwongozo ni ramani, na kuitazama ramani ya Lamu si kufika Lamu.

Watasema pia kwamba vitabu ni vingi na umri ni mfupi. Basi na tusome vichache. Sizungumzii kamusi, gazeti wala kitabu cha mapishi, ambavyo vimetungwa ili mtu achukue anachokihitaji aende zake. Nazungumzia kitabu ambacho mtunzi wake amejenga jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho, kama fundi ajengavyo nyumba. Huwezi kuruka msingi ukasifu paa. Na wakiuliza, “Je, mwandishi akiwa mpayukaji?” jibu ni kwamba wapayukaji wapo, lakini upayukaji nao hauthibitiki ila kwa kusomwa. Wala kazi yenyewe si kubwa kama inavyodhaniwa. Bandu bandu huisha gogo: kurasa kumi kwa siku ni kurasa 300 kwa mwezi, na riwaya nyingi za Kiswahili hazifiki hapo.

Wazee wetu waliipa kazi hii jina. Neno “kuhitimu”, ambalo leo tunalihusisha na vyeti na majoho, lilikuwa na maana nyepesi chuoni: mtoto amesoma juzuu zote 30 za Kurani hadi mwisho. Aliyebakiza juzuu moja, hata akiwa na sauti tamu namna gani, hakuhitimu. Ndugu msomaji, bila shaka kipo kitabu nyumbani kwako ulichokiruka na ambacho umekwisha kukitolea hukumu mbele za watu. Kifungue pale pale uliporuka, ukisome, kisha ndipo urudi barazani kukisema.