Fungate ya mgeni, kamera ya mwenyeji

KAULI YA BUKURU
Na Yohana Bukuru, Gwarama

Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000, na miongoni mwao walikuwamo maharusi waliokuja kula fungate. Maharusi hawaondoki bila picha. Wapo wanaosafiri na mpiga picha wao kutoka kwao, wakamlipia tiketi, chumba na chakula. Naamini kazi hiyo ni ya mwenyeji, na ataipata kwa ujuzi wake, si kwa kuonewa huruma.

Tuanze na jua. Maharusi wengi wanataka picha ya machweo, jua likizama baharini nyuma yao. Mpiga picha mgeni akiwapeleka Paje au Jambiani jioni, atakuta jua linashukia nyuma ya minazi, maana pwani ile inatazama mashariki. Anayetaka jua lizame majini aende Nungwi au Kendwa. Paje ni ya wanaoamka alfajiri. Tena kwetu huku karibu na ikweta jua halichelewi kuzama. Mtu aliyezoea jioni ndefu za kiangazi cha Ulaya hujikuta bado anapanga vifaa, na giza limeshaingia.

Kisha maji. Upande wa mashariki bahari hupwa ikaenda mbali, na pale palipokuwa na maji ya buluu asubuhi, mchana pamebaki mchanga, mawe na vijiti vya mwani. Mgahawa wa The Rock, pale Michamvi Pingwe, huendewa kwa miguu maji yakipwa na kwa mashua yakijaa. Fungu la Nakupenda, mkabala na Mji Mkongwe, humezwa kabisa. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika kama mita 4. Mwenyeji hutazama mwezi kabla hajapanga siku ya picha.

Wapo pia akina mama wanaolima mwani, kilimo kilichoanza kibiashara Zanzibar mwaka 1989. Wageni hutamani kuwaweka nyuma yao pichani. Mwenyeji mwenye adabu hushuka, akatoa shikamoo, akaomba ruhusa na kuelewana nao malipo. Wakikataa, anageuza kamera. Amewastahi akina mama kazini kwao, na amewaepusha maharusi wake na ugomvi ufukweni.

Kwa vijana wenye kamera nina neno la ufundi. Bwana harusi mweusi amevaa suti nyeusi, kasimama kando ya gauni jeupe juu ya mchanga mweupe. Kamera ikiachiwa ijiamulie, itauona ule weupe mwingi na kupunguza mwanga, na uso wa bwana harusi utapotea. Saa sita mchana ni vibaya zaidi, kwa kuwa jua la utosini huyatia macho kivuli. Fundi huwageuza maharusi walipe jua mgongo, akapima mwanga usoni, akauacha mchanga uwarudishie nuru kutoka chini. Ustadi wa namna hii si mgeni kwetu. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na vizazi vya Wazanzibari vimekaa mbele ya kamera yake.

Sasa turudi kwetu Kigoma. Kwenye Ziwa Tanganyika, upande wetu, kila jioni jua huzama nyuma ya milima ya Kongo, na maharusi hawana haja ya kuhangaika wakitafuta pwani. Lakini kati ya Julai na Septemba moshi wa mioto ya porini huifunika milima hiyo. Kijana wa Gwarama anaijua mioto hiyo, kwa sababu huiona ikitembea vilimani kila kiangazi. Anajua pia kwamba mvua za Novemba zikishaosha anga, ng'ambo itaonekana. Katika hifadhi za Gombe na Mahale kuna sokwe, na huko flashi haipigwi. Lami ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260, inatufungulia njia, na mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Wageni wataongezeka. Sisi tujiandae.

Wapo watakaosema dawa ni kuwapiga marufuku wapiga picha wa kigeni. Amri ya Julai 2025 iliyowafungia wasio raia biashara kadhaa Tanzania Bara ilitaja uongozaji wa watalii, lakini haikutaja upigaji picha. Mimi siombi uongezwe. Siku ni ya maharusi, na wana haki ya kumchagua wanayemwamini. Amri haiwezi kumpa mtu imani hiyo. Ataipata kwa kazi inayoonekana.

Ninachoomba kipo ndani ya uwezo wetu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na asilimia 4 ni ya vijana. Kakonko, Kibondo na Kasulu wapo vijana wanaopiga picha za mnato za harusi na ubatizo na paspoti saizi za wanafunzi. Wakiunda kikundi na kuandika andiko la kamera, lenzi na kompyuta, maofisa maendeleo ya jamii wasilifukie chini ya lundo la maandiko ya kuku na bodaboda. Hii nayo ni biashara.

Vijana nao wana deni lao. Maharusi wageni hukaa siku chache wakaondoka, na hawawezi kuambiwa "njoo kesho" kila siku. Hapa kwetu bibi harusi anaweza kuanza kunyonyesha albamu yake haijatoka, na malipo ya awali yalishaliwa zamani. Tabia hiyo ife kwanza. Andikeni mkataba hata wa ukurasa mmoja: idadi ya picha, bei, siku ya kukabidhi. Mkabidhini bibi harusi wa Gwarama kazi yake siku mliyoahidi, na mgeni atakayeulizia mpiga picha wa kuaminika ataelekezwa kwenu.