UCHANGANUZI: Matapeli huvuna haraka ya msimu, mlalahoi ndiye hulipa zaidi

KILA Desemba inapobisha hodi, vichochoro vya Mukuru kwa Njenga, mashariki mwa jiji la Nairobi, hugeuka soko moja refu. Wachuuzi hupanga viatu, sufuria na nguo za watoto hadi kando ya mitaro, vipaza sauti hutangaza bei za kutupa, na simu za mkononi hazikomi kupokea arafa za ofa na zawadi.

Huu ndio msimu ambao wafanyabiashara husubiri mwaka mzima. Kwa bahati mbaya, ndio pia msimu ambao matapeli husubiri.

Sababu si ngumu kueleza. Kibarua anayetembea kwa miguu alfajiri kuelekea Eneo la Viwandani hupokea ujira wake, na katika siku chache hutakiwa kuwanunulia watoto nguo, kuwatumia wazazi kitu kidogo mashambani, kulipa nauli iliyopanda ghafla na kubakisha pesa za sare na vitabu vya Januari. Fedha ni haba na muda ni mfupi. Anayejitokeza akiuza kwa nusu bei huonekana kama mkombozi.

Hapa ndipo wengi hukosea wanapowakejeli waliotapeliwa kwamba waliponzwa na tamaa. Novemba 2021, maelfu ya wakazi wa mtaa huu waliachwa bila makao nyumba zao zilipobomolewa kupisha ujenzi wa barabara. Mnamo Aprili na Mei 2024, mafuriko yaliyolikumba jiji la Nairobi yaliwasomba tena watu wa Mukuru pamoja na vyombo vyao. Mtu aliyepoteza godoro mara mbili katika muda wa miaka mitatu hatafuti bei nafuu kwa sababu ya ulafi. Anaitafuta kwa sababu hana budi.

Isitoshe, utafiti uliofanywa Mukuru kabla ya serikali ya kaunti kuitangaza kuwa eneo maalumu la upangaji mnamo 2017 ulionyesha kwamba wakazi wake hulipia maji na umeme bei ya juu kuliko wanaoishi katika mitaa ya kifahari. Ulaghai wa msimu ni ada nyingine juu ya hizo. Sh3,000 zikimpotea mwenye mshahara mnono, atanung’unika na kusahau. Zikimpotea kibarua, mtoto hukosa kurudi shuleni.

Mbinu zinazotumiwa ni zile zile, ila huvishwa nguo mpya kila mwaka. Katikati mwa jiji, watu wameonyeshwa simu nzuri, wakapatana bei, kisha wakakabidhiwa pakiti yenye kipande cha sabuni kilichofungwa vizuri. Siku hizi ulaghai huo umehamia katika mitandao ya kijamii. Picha ya runinga au jokofu huwekwa pamoja na bei isiyoaminika, na mnunuzi huagizwa atume kwanza “pesa za kuletewa mzigo”. Akishatuma, nambari ile huzimwa.

Kuna pia arafa na viungo vya intaneti vinavyodai kuwa supamaketi fulani inagawa vocha za Krismasi. Anayevifungua huombwa nambari ya kitambulisho na hata nambari yake ya siri ya M-Pesa. Wengine hupigiwa simu na mtu anayejifanya mhudumu wa kampuni ya simu. Safaricom imesisitiza kwamba huwapigia wateja kwa nambari 0722 000 000 pekee, na hakuna mhudumu wa kweli anayeuliza nambari ya siri.

Ofa za “Black Friday”, zilizotoka Marekani na kuzoeleka nchini Kenya katika miaka ya 2010, zimeleta hila nyingine isiyoonekana kwa urahisi. Bei hupandishwa wiki chache kabla, kisha hushushwa ilipokuwa na kuitwa punguzo. Asiyejua bei ya kawaida hana njia ya kuigundua hila hiyo.

Lakini anayeumia si mnunuzi peke yake, na jambo hili halizungumzwi vya kutosha. Mama anayeuza viatu vya watoto kando ya barabara naye huwindwa. Mteja huchagua bidhaa, hubofya simu yake, kisha arafa inayofanana na ya M-Pesa huingia katika simu ya muuzaji. Kwa kuwa foleni ni ndefu, mama hutazama kiasi tu na kumruhusu mteja aende. Jioni anapokagua salio, hakuna kitu.

Mwingine hulipa kwa kweli, kisha akishatoweka na mzigo huomba kurejeshewa fedha, akidai alizituma kimakosa. Huduma ya kutuma ujumbe wa malipo kwa nambari 456, iliyokusudiwa kumwokoa aliyekosea nambari, huwa silaha mikononi mwa mwizi.

Ukitazama visa hivi vyote kwa pamoja, utaona kwamba vina mzizi mmoja: haraka. Tapeli hauzi simu wala jokofu, anauza hofu ya kukosa. “Imebaki moja tu.” “Ofa inaisha saa sita usiku.” “Kuna mwingine yuko njiani anaifuata.” Anachoogopa tapeli ni mteja anayesema, “Nitarudi kesho,” kwa sababu mwenye bidhaa halali atakuwapo hiyo kesho.

Je, sheria inasemaje? Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, habari anazohitaji na fidia anapopata hasara. Sheria ya Kuwalinda Wanunuzi ya 2012 inapiga marufuku maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Mnamo Aprili 2021, Mahakama ya Madai Madogo ilianza kazi Milimani. Mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yanayopaswa kuamuliwa kwa siku 60, na mlalamishi si lazima awe na wakili.

Hata hivyo, haki hizo zote huanza na ushahidi, na katika soko la vichochoroni hakuna anayetoa risiti. Anayelipa pesa taslimu kwa mtu asiyemjua hana cha kumwonyesha polisi wala hakimu.

Ndiyo maana ujumbe wa M-Pesa, huduma iliyoanzishwa Machi 2007, umekuwa risiti ya mtu wa kawaida. Una jina, kiasi, tarehe, saa na nambari ya malipo. Lakini risiti hiyo hufaa tu iwapo jina lililomo ni la duka lenyewe. Anayelipa kwa nambari ya “Till” huona jina la biashara kabla ya kukamilisha malipo. Jina linalojitokeza likitofautiana na la muuzaji, huo ni wakati wa kusitisha, si wa kuuliza maswali baada ya pesa kwenda. Na muuzaji anayekataa kulipwa kwa nambari ya duka, aking’ang’ania ya kibinafsi, ameshajitambulisha.

Kwa bidhaa za kuagiza, kanuni iliyo salama ni kulipa baada ya kuona, kufungua na kujaribu. Kwa vifaa vya umeme, nambari iliyo chini ya nembo ya ubora ya KEBS inaweza kuthibitishwa kwa kutuma arafa kwa 20023. Katika mtaa ambako nyumba za mabati zimeshikana ukuta kwa ukuta, cheche ya waya ghushi mmoja si hasara ya mnunuzi pekee.

Naye mchuuzi hana budi kuangalia salio lake kabla ya kukabidhi mzigo, bila kujali foleni ina watu wangapi. Anayetumia “Till” au Pochi la Biashara hujikinga zaidi dhidi ya wateja wanaorudisha malipo kisirisiri. Nambari ya tapeli inaweza kuripotiwa bila malipo kwa 333.

Aidha, ni makosa kuutwika mzigo wote mgongoni mwa mwananchi. Laini za simu zinazotumiwa kutapeli zimesajiliwa kwa majina ya watu, na kampuni za simu zina rekodi za kila shilingi inayohama. Polisi wanapomrudisha nyumbani mlalamishi kwa kuwa alipoteza “elfu mbili tu”, tapeli hujifunza kwamba kuiba kidogo kidogo kutoka kwa wengi ni biashara isiyo na hatari.

Hadi hapo wakubwa watakapoona uzito wa hiyo elfu mbili, ngao iliyo karibu zaidi na mkazi wa Mukuru kwa Njenga ni ile isiyogharimu hata senti: kukataa kuharakishwa. Haraka haraka haina baraka, na msimu wa sikukuu ndio wakati ambao methali hiyo husahaulika kwa urahisi zaidi.