Muuguzi wa Chumba cha Upasuaji Naye Alindwe

Mwananchi wa Unguja au Pemba anapoingizwa chumba cha upasuaji, jamaa zake hubaki nje wakimwombea dua yeye na daktari wake. Ni wachache wanaomkumbuka muuguzi. Hali yeye ndiye anayempa daktari kisu na kukipokea kikiwa na damu, ndiye anayehesabu sindano na vitambaa kabla jeraha halijashonwa, na ndiye anayebaki na vyombo wakati wengine wamekwisha kutoka. Leo tunapenda kusema juu ya usalama wake.

Hatari tunayoizungumzia ni ya kweli. Sindano iliyotumika kwa mgonjwa mwenye homa ya ini aina ya B, ikimchoma muuguzi asiyechanjwa, yaweza kumwambukiza mara 6 hadi 30 katika kila mara 100. Kwa virusi vya UKIMWI, ni kama mara 3 katika kila 1,000. Maradhi ya kwanza yana chanjo tangu miaka ya mwanzo ya 1980. Ya pili yana dawa za kinga, ambazo huanzwa mapema iwezekanavyo, kabla saa 72 hazijapita, na kuendelea kwa siku 28. Kwa hiyo muuguzi akiambukizwa kwa kukosa chanjo, au kwa kuwa kabati la dawa limefungwa na mwenye ufunguo yuko nyumbani, haitufalii kuiita bahati mbaya. Huo ni uzembe.

Watakuwapo watakaosema kwamba fedha ni chache na mgonjwa ndiye wa kwanza. Historia inawajibu. Yapata mwaka 1889, katika hospitali ya Johns Hopkins huko Marekani, muuguzi Caroline Hampton aliharibika ngozi ya mikono kwa dawa ya zebaki iliyotumika kuua vijidudu. Daktari William Halsted akaagiza atengenezewe glavu nyembamba za mpira. Nia ilikuwa kuihifadhi mikono ya muuguzi. Manufaa kwa wagonjwa yalidhihirika baadaye. Leo ni nani atakayekubali kupasuliwa kwa mikono mitupu?

Ushahidi mwingine uko hapa hapa nchini. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo ya kuhakikishwa kabla na baada ya upasuaji. Ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 katika kila wagonjwa 100. Orodha ile ni karatasi moja tu. Kilichookoa watu ni utaratibu unaofuatwa na kila mtu, mkubwa kwa mdogo.

Utaratibu kama huo tunautaka kwa wauguzi. Kwanza, asiingizwe muuguzi katika kazi hii kabla hajakamilisha chanjo ya homa ya ini. Pili, visu na sindano vipokezwe kwa kuwekwa katika sahani maalumu, visitoke mkono kwa mkono, na sindano iliyotumika isirudishwe katika kifuniko chake bali itupwe katika sanduku gumu lililo karibu. Tatu, miwani ya kukinga macho na glavu ziwepo kila siku, siyo siku ya ukaguzi tu. Nne, dawa za kinga ziwepo katika kila hospitali inayopasua, usiku na mchana. Muuguzi wa Pemba asingojee boti ya Unguja. Tano, anayechomwa aandikishe bila ya kuogopa karipio, kwani ajali inayofichwa hairekebishiki.

Wakubwa wanaohusika wanajua kwamba gharama ya chanjo ni ndogo kuliko ya kumpoteza muuguzi aliyesomeshwa kwa miaka. Nasi wananchi tunao wajibu wa kuuliza, kwani mikono ile ndiyo itakayotupokea siku ya zamu yetu. Bajeti ya afya itakapojadiliwa tena, tutatazama kama mambo haya matano yamo.